Mwenye kazi, watoto na foleni: shairi unaandika saa ngapi?

MamaWawili (Chanika, Dar)

Habari zenu wadau. Naomba msinicheke. Nina miaka 34, watoto wawili, mmoja darasa la tatu, mwingine miaka miwili na nusu, na nina shairi limenikwama tangu Ramadhani. Si utenzi jamani. Ni beti saba tu, tarbia ya kawaida, mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) kumi na sita kila mshororo. Mpaka leo nina beti mbili, na wa pili kituo chake, ule mshororo wa mwisho, sikipendi.

Nieleze siku yangu kabla mtu hajaniambia "jipange". Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na moja na robo niko kituoni, maana ukichelewa mpaka saa kumi na mbili, daladala unaipandia dirishani, na mimi kwa dirishani nimeshazeeka. Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, halafu foleni mpaka Tazara. Siku nzuri safari inachukua saa moja na nusu. Siku ya mvua sisemi. Kazini ni duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, niko kaunta, natoa risiti: misumari, bawaba, koki, rangi, misumari tena. Mteja akiondoka mwingine ameshaweka mkono mezani. Natoka saa kumi na moja jioni, nyumbani nafika saa moja na nusu, saa mbili. Nampitia mdogo kwa jirani. Ugali, maji ya kuoga, hesabu za mkubwa (siku hizi wanafundishwa kugawanya kwa njia ambayo mimi siijui, inabidi anifundishe kwanza yeye), sare ya kesho.

Saa nne usiku ndiyo inaitwa muda wangu. Nafungua daftari, nashika kalamu. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kuamka shingo inauma na kalamu imechora mstari mrefu kwenye shuka. Nina shuka tatu zenye mistari hiyo.

Kwa nini shairi, kwa nini nisilale tu kama watu? Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli, Morogoro. Jumapili alikaa barazani na redio pembeni, anahesabu mizani kwa kugonga vidole kwenye mkono wa kiti, tok tok tok, na sisi watoto tulijua vidole vikigonga hatusemeshi mtu. Alikuwa anapeleka mashairi gazeti la Uhuru. Mengi hayakutoka. Yaliyotoka aliyakata kwa wembe akayabandika kwenye lile daftari kubwa la jalada gumu, kaunta buku. Alipofariki mwaka juzi ndugu zangu walizungumza kiwanja, wakazungumza baiskeli, mimi nikaomba daftari. Hakuna aliyepinga. Nyuma yake kuna kurasa zaidi ya arobaini hazijaandikwa kitu.

Shoga yangu kazini kaniambia subiri watoto wakue. Baba alisubiri astaafu ndiyo aandike "kwa nafasi", na alipostaafu macho yalikuwa yameshakwenda.

Kwa hiyo nauliza nyie mlioajiriwa na mna familia, mnaotunga, mnaochora, mnaoshona vitu vyenu, mnafanya saa ngapi? Maneno ya kutia moyo ninayo mengi kwenye magrupu ya WhatsApp. Nataka saa.

---

JembeHalilali

Amka saa tisa usiku dada. Watu wote waliofanikiwa wanaamka saa tisa. Simu acha chumba kingine. Mwili utazoea.

---

MamaWawili

Kaka asante. Saa tisa usiku mdogo wangu anaamka kuomba maji, na akiniona nimewasha taa anajua kumekucha. Hicho chumba kingine tunacho, lakini usiku kinalala pikipiki ya baba yao.

---

BiUkindu (Wete, Pemba)

Mwanangu, mie si mtungaji, mie msusi wa mikeka. Lakini swali lako nalijua, kwa sababu nimelelewa ndani yake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na watoto wanane, shamba la muhogo, na mume mgonjwa. Na kila mwaka alikuwa akitoa mikeka. Watu wakimuuliza, bibi unasuka saa ngapi? Akiwatazama tu. Kwa sababu alikuwa hana saa. Alikuwa hatoki nyumbani bila ya ukili kwapani. Akenda hospitali, kwenye foleni anasuka. Akipanda gari kwenda Chake, anasuka. Mgeni akija kuzungumza, masikio kwa mgeni, vidole kwenye ukindu, yale majani ya kusukia. Ukindu wenyewe keshauchana na kuutia rangi siku nyingine, kaufunga fungu fungu, kautia maji kidogo usikatike, kautia mkobani. Akiitwa jikoni, anafunga ncha kwa uzi, anautupa pembeni. Ukili haufumuki. Ukirudi baada ya siku mbili unaanzia palepale, huna haja ya kukumbuka kitu, jicho linaona mchoro umefika wapi.

Lakini sikiliza hapa. Ukili si mkeka. Ukili ni utepe mrefu tu, unauviringisha kama gurudumu. Mkeka unakuja pale unapokaa kitako ukaushona ule ukili, ukingo kwa ukingo, na hiyo ndiyo kazi yenye kutaka nafasi. Siku ya kushona, bibi alitandaza chumba kizima, watoto tukafukuzwa, kuku wakafukuzwa, mlango ukarudishwa. Huwezi kushona mkeka ndani ya gari. Na huwezi kukaa siku nzima chumbani kusuka ukili, utakufa njaa.

Sasa wewe unakwenda kitandani saa nne ya usiku kushona mkeka, na ukili hujasuka. Ndiyo maana kalamu inakukimbia. Unataka vina, unataka mizani, unataka maana, unataka na hati nzuri, vyote papo kwa papo, na macho yanafumba.

Katika shairi ukili ni nini, hilo wenyewe mtalijua. Mie najua gari yako ni saa moja na nusu kwenda, na zaidi kurudi. Bibi yangu angekuona tajiri.

---

KaraniMstaafu (Tanga)

Binti yangu, Bi Ukindu amenitangulia na amesema vizuri kuliko nilivyokusudia kusema. Mimi nitaongeza upande wa shairi.

Nimefanya kazi ofisi ya mashamba ya mkonge miaka ishirini na sita, karani wa mishahara. Nilikuwa naenda kazini kwa baiskeli, na mashairi yangu yote nimeyatunga juu ya baiskeli. Mizani nahesabu kwa pedali. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, zimekwisha, pumua, nane za utao, nusu ya pili. Mlimani nilikuwa natunga vibaya, ni kweli. Lakini nikifika ofisini nina mshororo mmoja kamili kichwani, wakati mwingine miwili, naunakili nyuma ya bahasha kabla mtu hajaniambia habari za asubuhi. Hiyo ni muhimu, kabla ya salamu. Ukishajibu salamu mbili mshororo umekwenda.

Watu wa zamani hawakuchagua mizani kumi na sita kwa kutaka kututesa. Mshororo ni kipimo cha pumzi na cha kumbukumbu. Unabebeka. Ubeti wa mishororo minne wenye vina unajishikilia wenyewe kichwani kwa sababu kina kinaita kina. Hadithi ndefu huwezi kuibeba umesimama kwenye daladala. Shairi la arudhi, lenye vina na mizani, unaweza. Una bahati ya kupenda kitu kinachoingia mfukoni.

Basi fanya hivi. Usitoke nyumbani ukisema leo natunga. Toka na vina viwili tu, cha kati na cha mwisho, umekwisha kuvichagua usiku wakati unaosha vyombo. Na usichague vina vya kujionyesha. Ukichukua "-gwe" kina cha mwisho utafika Kariakoo una "mgwegwe" na hujui maana yake. Chukua "-ni", chukua "-ma", "-ka", "-ra", vyenye ukoo mkubwa. Kwenye gari tafuta mshororo mmoja. Mmoja. Safari ya jioni urudie ule ule kwa mdomo uone kama unasimama. Siku nne, ubeti.

Kuhusu wanaosema subiri: hapa kwetu tunaye Shaaban Robert, amelala Machui. Aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na akabaki humo mpaka 1944, na baada ya hapo akahamia ofisi nyingine za serikali. Alikuwa mtu wa mshahara na mahudhurio, na maandishi yale yalipita pembeni ya kazi hiyo.

---

HinaNaZamu (Mombasa)

Mzee shikamoo. Nakuheshimu, na hiyo ya pedali nimeipenda sana. Lakini wacha niseme ambalo hamkusema. Karani wa miaka hiyo alikuwa akirudi nyumbani maji yako bafuni na wali uko mezani. Dada yetu anarudi yeye ndiye maji na ndiye wali.

Mimi ni nesi, wadi ya wazazi, wiki hii zamu ya usiku, wiki ijayo mchana. Na ni mchoraji wa hina. Si ile ya kubandika plastiki iliyotobolewa ukapaka juu. Mimi huchora kwa mkono, maua ya kwetu, na piko, ile rangi nyeusi, kwa mzunguko. Miaka mitatu sikubuni ua jipya hata moja. Bi harusi akija nilikuwa namchorea yale yale ya mwaka wa kwanza, nikisema sina wakati wa kubuni. Kisha siku moja nilichukua karatasi nikaandika kila kazi ya nyumba kwa wiki na nani hufanya. Jina langu lilikuwa na kazi kumi na tisa. La mume wangu tatu, na moja katika hizo tatu ni kununua mkate. Sikugombana naye. Nilibandika ile karatasi kwenye friji nikaenda kazini.

Siku mbili kimya. Ya tatu akauliza, hii karatasi ni ya nini? Nikamwambia, nataka Alhamisi, baada ya magharibi mpaka isha. Watoto wako, jiko lako, hata mtoto akilia mimi sipo. Akakubali, nafikiri kwa sababu aliona ni kidogo.

Sasa nikwambie ukweli ambao watu hawasemi. Alhamisi tatu za kwanza nililala. Nilikaa na daftari la michoro, nikalala. Nilijiona mjinga, nimepigania wakati kumbe nilikuwa napigania usingizi. Ya nne nikachora jani moja. Jani la mkungu wa nyumba ya jirani, lile jekundu linalodondoka. Sasa hivi hilo jani ndilo maharusi wananiulizia.

Kwa hivyo ukili wa Bi Ukindu suka kwenye gari, sawa. Lakini siku ya kushona mkeka usiiombe kwa Mungu peke yake. Mwenye pikipiki yuko wapi Jumapili?

---

MamaWawili

Dada Hina umenipiga penyewe. Mwenye pikipiki Jumapili asubuhi anaosha pikipiki, mchana anaangalia mpira, jioni analala kwa ajili ya Jumatatu. Si mtu mbaya. Hajawahi kunikataza kitu. Ila sikuwahi kumwomba kitu pia, nilikuwa nasubiri aone mwenyewe.

Mzee shikamoo, na Bi Ukindu shikamoo bibi yangu. Kesho natoka na vina. Nikirudi nitasema.

---

BiUkindu (Wete, Pemba)

Marahaba mwanangu. Na hizo shuka usizitupe.

---

KaraniMstaafu (Tanga)

Marahaba. Na dada wa Mombasa amesema kweli. Marehemu mke wangu angekuwa hai angemwongezea.

---

MamaWawili

Wiki ya tatu leo. Nimerudi kama nilivyoahidi, japo nimechelewa.

Nianze na nyumbani. Nilimwambia. Nimejiandaa siku nzima kaunta, nina hoja tano, nimempikia na samaki. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Si ungesema tu." Nilikasirika kuliko angekataa! Miaka yote hiyo, kumbe ni si ungesema tu. Haya. Sasa Jumapili saa nane mpaka saa kumi anawachukua wote wawili kwa mama yake, na pikipiki inaoshwa hukohuko, bibi yao anafurahi. Jumapili ya kwanza nililala, sawasawa na dada Hina, mpaka nikaota niko kazini. Ya pili mvua ilinyesha, hawakutoka, nikakaa nao. Ya tatu ndiyo hii ya juzi.

Kwenye daladala sasa. Siku ya kwanza nilitoka na vina "-ni" na "-ma". Nimesimama mlangoni, mkono mmoja bombani, mwingine nahesabu kwenye paja, kidole gumba kinagusa kidole kimoja kimoja, kwenda na kurudi, nane. Tumefika Ukonga konda ananiangalia. Banana bado ananiangalia. Mwisho akasema, "Dada, unahesabu nini, nauli si umeshatoa?" Watu wakacheka. Nikamwambia nahesabu maneno. Akasema basi nihesabie na yangu. Siku hiyo sikupata kitu, ila nilishuka nimechangamka, na hilo kwangu kabla ya saa mbili asubuhi halijawahi kutokea.

Siku ya pili nikapata mshororo wa kwanza. Nikafanya kosa, nikamsalimia mlinzi wa duka kabla sijaandika. Utao wote ukaenda. Mzee ulinionya. Niliukumbuka tena saa saba mchana katikati ya kumtolea mtu risiti ya bawaba jozi sita, nikauandika nyuma ya ile nakala inayobaki dukani. Jioni bosi akaiona. Akaisoma, akanirudishia, akasema nakala za risiti zina namba. Basi sasa nina karatasi zangu mfukoni.

Kituo kilikuja chenyewe, safari ya kurudi, Tazara, gari haisogei. Mishororo minne imenichukua siku tisa, si nne. Jumapili nikakaa nayo mezani, nyumba kimya mpaka nasikia jokofu la jirani. Lile shairi la Ramadhani nimeliweka pembeni kwanza. Hili ni jipya:

*Nimesimama mlangoni, konda ananisukuma,*
*Mkoba wangu begani, watu mbele watu nyuma,*
*Shairi langu kichwani, mshororo umegoma,*
*Nitalimaliza lini, kila siku nasimama?*

Ndio hivyo. Ni ubeti mmoja. Naomba mnikosoe, msinionee huruma.

---

HinaNaZamu (Mombasa)

Nimemsomea mwenzangu wa zamu saa tisa ya usiku, tukiwa tunakunywa chai. Akasema huyo ni mimi kwenye feri ya Likoni.

---

KaraniMstaafu (Tanga)

Umesema usionewe huruma. Ukwapi wa mshororo wa kwanza una mizani tisa. Hesabu nami: ni-me-si-ma-ma-m-la-ngo-ni. Ile "m" ya mlangoni ni mizani kamili, vijana wengi huimeza. Halafu kitenzi hicho hicho kinakurudia kwenye kituo, kikiwa na kazi kubwa zaidi. Usikichoshe mapema. Mengine yote yamesimama, na utao wa mshororo wa pili ningetamani uwe wangu.

---

JembeHalilali

Dada hongera. Ila kwa hiyo saa tisa haiwezekani kabisa?

---

MamaWawili

Jembe, mwulize nesi, yeye anaijua saa tisa.

Mzee, ni kweli, tisa. Nilikuwa nameza hiyo "m" siku zote. Leo asubuhi nimetoka na tatizo hilo moja tu, likaisha kabla hatujafika Banana: *Nimekwama mlangoni*. Nane. Na ndivyo ilivyokuwa hasa, mkoba ulikwama kwenye komeo la mlango.

Jioni nimeunakili kwa wino, ukurasa wa kwanza mtupu, mkabala na shairi la mwisho alilobandika baba. Kwa kuwa vidole vilikuwa vimeshazoea, nikalihesabu na lake, lile lililotoka gazetini, alilokuwa anawaonyesha wageni. Ubeti wa nne, mshororo wa tatu, una mizani kumi na saba. Nimehesabu mara tatu. Sijaugusa.